Mbio za Pili Hukimbiwa kwa Ajili ya Nani?

Jumamosi ya tarehe 31 Mei 2008, katika uwanja wa Chuo cha Cerritos mjini Norwalk, California, mwanafunzi wa sekondari aitwaye German Fernandez alishinda mita 1600 kwa dakika 4:00.29. Jioni ileile akarudi uwanjani na kushinda mita 3200 kwa dakika 8:34.23, muda ambao hakuna mwanafunzi wa Marekani aliyekuwa amewahi kuufikia katika umbali huo. Pigeni hesabu wenyewe: mizunguko minne kwa wastani wa sekunde 60 kila mmoja, kisha mingine minane kwa wastani wa sekunde 64 na ushei, yote kwa miguu ileile. Fernandez alitokea Riverbank, mji mdogo katika bonde la kati la California, na usiku ule wapenzi wa riadha za shule walilala wakiwa wamelishika jina la mji ambao wengi wao hawakuwahi kuusikia.

Naihusudu jioni ile kama mpenzi yeyote wa mchezo huu. Ila imeacha kitu kisichonifurahisha: imewapa watu wazima hoja. Kila msimu wa mashindano ya majimbo unapokaribia, kuna kijana wa miaka 16 au binti wa miaka 14 anayeandikishwa mita 1600 na 3200 kwa siku moja, pengine na 800 katikati, na mtu akiguna, jibu huwa tayari. Waliotangulia waliweza. Mjadala huishia kwenye mwili: mtoto atachoka au hatachoka? Nadhani swali hilo limekaa upande. La kuuliza ni mbio za pili zinakimbiwa kwa ajili ya nani.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu kule, maelezo kidogo. Marekani haina ubingwa wa taifa wa riadha unaoendeshwa na shule. Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya sekondari, na kilele cha msimu ni mashindano ya jimbo, mwezi Mei au mwanzoni mwa Juni. Ukitoka hapo jezi ya shule unaivua. Mashindano ya kitaifa yanayofuata ni ya mialiko na makampuni, mwanafunzi anakwenda kwa jina lake au la klabu. Kwa hiyo ubingwa wa jimbo una uzito ambao mtu wa nje huenda akauona umezidi. Majina ya mabingwa huandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mazoezi wa shule na kubaki hapo miaka hamsini, rangi ikipakwa upya kila ikichakaa.

Majimbo yanatofautiana. Texas inazigawa shule katika madaraja sita kwa ukubwa na kuzikutanisha Austin, kila daraja na bingwa wake. California haina habari hiyo: chama chake kina shule zaidi ya 1,500, na zote, kuanzia ya wanafunzi mia mbili hadi ya elfu nne, zinagombea medali moja. Unaanzia kwenye ligi, unapanda kwenye kanda, kisha jimbo. Kwa miaka mingi sasa fainali zinafanyika Clovis, karibu na Fresno, ambako mwishoni mwa Mei joto linaweza kupita nyuzi 35 na bado jua halijaanza kushuka. Ijumaa ni mchujo, Jumamosi ni fainali. Mita 1600 zina mchujo. 3200 hazina, ni fainali moja kwa moja. Maana yake anayekimbia zote mbili anapanga mstari mara tatu katika saa kama thelathini.

Umbali wenyewe nao ni wa Kimarekani. Kwingine duniani vijana hukimbia 1500, 3000 na 5000. Shule za Marekani zilikuwa zikikimbia maili moja na maili mbili, na zilipohamia kwenye mita karibu na mwaka 1980, zilichagua kubaki na mizunguko kamili: minne na minane. Mita 1600 ni pungufu ya maili kwa mita tisa na kidogo, karibu sekunde moja na nusu kwa mkimbiaji wa kasi ile. Ndiyo sababu 4:00.29 ya Fernandez haikumweka jirani na klabu ya walioshuka chini ya dakika nne kwa maili kwa kiasi ambacho macho yanadhani.

Sasa kwenye kiini cha jambo, nacho ni pointi. Katika majimbo mengi mshindi huiletea shule yake pointi 10, wa pili 8, na kuendelea kushuka. Shule haihitaji kikosi kikubwa ili kutwaa kombe la jimbo. Mara nyingi wanafunzi watatu au wanne wa hali ya juu wanatosha. Mrushaji tufe mzuri atarusha na kisahani, vitu vinavyofanana. Mwanariadha wa mbio fupi atakimbia 100, 200 na kupokezana vijiti. Mkimbiaji wa masafa ana 1600 na 3200, na kwenye majimbo yenye kupokezana vijiti mara nne mita 800, anazo na hizo. Kanuni za shirikisho la taifa la vyama vya michezo ya sekondari zinaweka kikomo cha michezo minne kwa mwanafunzi katika mashindano mamoja. Kocha mwenye kombe machoni huiona nne hiyo kama idadi ya kufikia.

Tazama na ratiba. Mpangilio wa kawaida unaanza na vijiti vya 4x800. Mita 1600 zinafuata baada ya michezo kadhaa, halafu 800, halafu 200, kisha 3200, na 4x400 inafunga siku. Ni mpangilio uliobuniwa kwa ajili ya uwanja, ili viunzi viingizwe na kutolewa kwa utulivu na watazamaji wasipigwe na usingizi. Mkimbiaji wa masafa alipewa nafasi zilizobaki.

Mwili unasemaje? Hapa watetezi wa kukimbia mbili wana hoja nzuri kuliko wanavyojua, kwa hiyo niwasaidie. Mbio za dakika nne hazimalizi akiba ya wanga kwenye misuli. Zinaitafuna sehemu ndogo tu. Ile asidi inayochoma mapaja kwenye mita mia mbili za mwisho husafishwa na damu ndani ya saa moja hivi, na haraka zaidi ukikimbia polepole badala ya kujilaza. Kijana aliyejiandaa, mwenye saa mbili za kupumzika, anaweza kusimama kwenye mstari wa 3200 akiwa na karibu kila kitu alichokuwa nacho mchana. Fernandez ni ushahidi.

Kinachobaki ndicho kigumu kukipima. Kuna kupasha misuli mara mbili na kupoza mara mbili, ambavyo pamoja na mbio zenyewe vinaifanya siku kuwa ya kilomita kumi na kitu. Viatu vya spaiki vinakamua vigimbi vya miguu. Joto nalo halisafishwi na damu bali linaibebesha damu kazi ya pili. Tumbo limefungwa na woga tangu alfajiri, na kijana amekula kipande cha mkate na ndizi. (Wengine wanakula chipsi jukwaani na rafiki zao saa moja kabla, tuache utani, ni watoto.) Na kuna kile ambacho wakimbiaji wenyewe watakuambia ni kibaya kuliko vyote: kujiandaa kuumia, ukaumia, ukashangiliwa au ukalia, halafu ukaambiwa ujiandae tena.

Hayo yote mtu anaweza kuyakubali kama ni yake. Kipchoge Keino alikubali zaidi ya hayo. Kwenye Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, alikimbia mita 10,000 na kutoka njiani mizunguko michache kabla ya mwisho, tumbo likimuuma kwa maradhi ya nyongo. Akarudi akachukua fedha kwenye 5000. Akarudi tena kwenye 1500, michujo na fainali, ingawa inasimuliwa kwamba daktari alimkataza. Fainali aliishinda kwa 3:34.9, karibu sekunde tatu mbele ya mtu wa pili. Alikuwa mtu mzima wa miaka 28, askari polisi, na alijua anachokilipia.

Mtu wa pili yule alikuwa Jim Ryun, na Ryun ndiye baba wa simulizi zote za mashindano ya majimbo. Tarehe 15 Mei 1965, kwenye ubingwa wa jimbo la Kansas mjini Wichita, akiwa na miaka 18, alikimbia maili kwa 3:58.3. Alikuwa ameshashuka chini ya dakika nne mwaka mmoja kabla, lakini akivutwa na watu wazima. Wichita hakukuwa na wa kumvuta. Mbio za wanafunzi peke yao chini ya dakika nne hazikuonekana tena kwa miaka 57, hadi Gary Martin alipokimbia 3:57.98 kwenye ubingwa wa ligi ya shule za Kikatoliki za Philadelphia, Mei 2022, naye pia akiwa peke yake mbele. Rekodi za dunia ambazo Ryun aliziweka mwaka 1967 nazo tunazijua zilivyoisha: Filbert Bayi wa Tanzania alimwondoa kwenye 1500 kule Christchurch mwezi Februari 1974 kwa 3:32.2, akamwondoa na kwenye maili kule Kingston, Mei 1975, kwa 3:51.0, sehemu moja tu ya kumi ya sekunde chini ya muda wa Ryun. Historia ya mkimbiaji mkuu wa sekondari wa Marekani imefungwa na Mkenya mmoja na Mtanzania mmoja. Sielewi kwa nini vijana wetu hawafundishwi hili.

Nirudi kwenye hoja. Ryun na Martin walifanya makubwa kwenye mashindano ya shule kwa sababu mbio zile waliamua kuzikimbia kwa nguvu zote. Tazama sasa kinachotokea kwenye 1600 pale mkimbiaji bora anapokuwa na 3200 inayomsubiri. Anataka kushinda kwa bei ya chini kabisa. Anakaa nafasi ya tatu au ya nne, anaacha mizunguko miwili ipite kama matembezi, anasubiri kengele ya mzunguko wa mwisho. Wengine wanamwogopa, hawathubutu kuongoza wakamvutie kasi bure. Mzunguko wa tatu ambao ndio roho ya maili unakufa. Halafu mita 300 za mwisho wote wanachomoka, na mwenye miguu ya mita 400 anashinda. Mara nyingine huyo siye mkimbiaji bora, na bingwa mtarajiwa anatoka na nafasi ya pili na miguu iliyotumika vilevile.

Jioni kwenye 3200 mambo yanageuka. Waliokimbia mbili wanaomba Mungu mbio ziwe za polepole. Waliokuja kwa 3200 pekee, wabichi, wanajua wangepaswa kuzifanya ziwe ngumu tangu mzunguko wa kwanza, ila ni wachache wenye moyo huo wakiwa na miaka 17 mbele ya uwanja uliojaa. Matokeo yake ni mizunguko mitano ya kundi la watu kumi na watano wakisukumana viwiko. Wapo makocha wanaosema hiyo ndiyo shule ya kushindana, kwamba ubingwa ni nafasi wala si muda. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Cole Hocker alikuwa bingwa wa jimbo la Indiana, hakuwa kijana wa dakika nne enzi zake za shule, na mwaka 2024 mjini Paris alichukua dhahabu ya Olimpiki ya 1500 kwa 3:27.65 kwa kujua tu wapi pa kupenya na lini. Kushindana kunafundishwa na mashindano ya kushindana, na siku hizi ambapo kila kijana mwenye kipaji anaalikwa kwenye mbio zenye sungura wa kuweka kasi na taa zinazokimbia pembeni ya njia, uwanja wa jimbo umebaki miongoni mwa mahali pachache pa kujifunza hilo. Ila kuna tofauti kati ya mbio za polepole kwa sababu kila mtu anamtega mwenzake, na mbio za polepole kwa sababu nusu ya wakimbiaji wanabana matumizi.

Tuje kwenye fedha, maana familia nyingi zinaangalia huko, na zina haki. Ubingwa wa jimbo ni mlango wa chuo. Kwa miaka mingi, vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, viliruhusiwa kutoa ufadhili kamili wa masomo 12.6 kwa timu nzima ya riadha ya wanaume na 18 kwa ya wanawake, ugawanywe kwa warukaji, warushaji, wa mbio fupi na wa masafa. Mfumo huo umebadilishwa mwaka 2025 na sasa kikomo kipo kwenye idadi ya wanamichezo, lakini tabia ya kocha wa chuo haijabadilika: anatafuta muda mmoja mkali, ushahidi kwamba injini ipo. Kijana mwenye 3200 ya 8:45 ana simu inayolia. Kijana aliyekuwa wa tatu kwenye 1600 na wa tano kwenye 3200, zote zikiwa za kubana matumizi, ameiletea shule pointi kadhaa, na kwa kocha wa chuo amebaki swali. Mbio za kwanza zilikuwa zake. Za pili alizikimbilia kabati la makombe.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko lilivyowagusa enzi za Ryun. Lopez Lomong, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya Kakuma kwa miaka kumi, alipelekwa Tully, kijiji kidogo karibu na Syracuse, New York, mwaka 2001. Alikimbilia shule ya Tully, na miaka saba baadaye alibeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Edward Cheserek alitoka Kenya akiwa kijana mwaka 2010 kwenda shule ya St. Benedict's, Newark, New Jersey, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Oregon na kuondoka na mataji 17 ya NCAA, mengi akiyachukua mawili mawili kwenye mashindano yaleyale. Cheserek ni hoja nyingine ambayo makocha wanapenda kuitaja. Leo kwenye orodha za matokeo za Iowa, Kentucky, Maine na Minnesota utaona majina ya watoto wa familia zilizotoka Kongo, Burundi na Somalia, wengine wakiwa wamepitia Nyarugusu au Dadaab. Mzazi wa nyumba kama hiyo akiambiwa mwanawe atakimbia mara tatu kwa siku mbili, hana cha kuuliza. Kocha ni mwalimu, na mwalimu hapingwi. Tena kwa mzazi aliyebeba maji na mtoto mgongoni, kilomita sita na kitu za kukimbia kwenye uwanja laini siyo kazi ya kumtetea mtu. Anasema ahsante, mwalimu, na karatasi inajazwa.

Heshima ile ni nzuri. Inahitaji upande wa pili unaoistahili, yaani mwalimu anayefika nyumbani, akae, aseme: mama, nafasi ziko mbili, hii inamsaidia mtoto hivi, hii inaisaidia shule hivi, tuamue.

Mabinti wana habari yao, na ni nzito zaidi. California ilianza ubingwa wa jimbo wa wasichana mwaka 1974 tu, na Olimpiki ilikuwa imewaruhusu wanawake kukimbia 1500 miaka miwili kabla ya hapo. Baada ya muda mfupi makocha waligundua jambo: binti wa mwaka wa kwanza, miaka 14, mwepesi, anaweza kuwashinda wa mwaka wa mwisho. Hapo ndipo mtego ulipo. Anayeweza kushinda 1600 na 3200 akiwa na miaka 14 ni pointi 20 kwa mwaka, mara miaka minne, na kuna makocha wanaoifanya hesabu hiyo kwa sauti. Mwili wa binti hauifuati. Miaka 15, 16, mwili unakua, nyonga zinapanuka, muda unasimama au kurudi nyuma kwa msimu mmoja au miwili, na hiyo ni afya, siyo uvivu. Akivumiliwa, anarudi akiwa mkimbiaji kamili. Akisukumwa apungue ili pointi zirudi, mifupa inavunjika. Mary Cain aliondoka kwenye mfumo wa shule mapema, akafika fainali ya ubingwa wa dunia wa 1500 mjini Moscow mwaka 2013 akiwa na miaka 17, na mwaka 2019 akaeleza hadharani jinsi alivyoandamwa kuhusu uzito wake katika kikosi cha kocha Alberto Salazar hadi afya ikaharibika. Ile ilikuwa timu ya kulipwa, haikuwa shule. Lakini watu wazima wanaohesabu kilo za binti hawaanzii kwenye timu za kulipwa.

Fernandez mwenyewe? Majuma machache baada ya Norwalk alikimbia maili mbili kwa 8:34.40 kule Greensboro na kuivunja rekodi ya shule iliyokuwapo tangu 1979. Mwaka uliofuata, akiwa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Oklahoma State, alikuwa bingwa wa NCAA wa 1500. Kisha majeraha yakaanza na hayakumwacha, Olimpiki hakuifikia. Wapo wanaounganisha hayo na jioni moja ya Mei. Mimi siungani nao. Mguu wa mkimbiaji una sababu elfu za kuumia na jioni moja haitoshi kuwa kesi. Ninachokiona kwenye jioni ile ni kingine: 3200 ya mtu anayetafuta pointi 10 haikimbiwi kwa 8:34. Mshindi hupata pointi 10 zilezile, iwe kwa 8:34 au kwa 8:50. Kijana yule alikuwa na njaa yake mwenyewe, na shule ikanufaika njiani. Makocha wanaomtaja wanaukumbuka uwezo wake na kuisahau njaa hiyo.

Pendekezo langu ni dogo na linawezekana bila kuhamisha kiunzi hata kimoja. Mwanafunzi aruhusiwe kukimbia 1600 na 3200 kama sasa. Medali apewe zote, jina liandikwe ukutani mara mbili, rekodi ihesabiwe. Lakini kwenye jumla ya shule, kati ya 800, 1600 na 3200, zihesabiwe pointi za mbio moja tu, ile aliyofanya vizuri zaidi. Hakuna anayezuiwa kitu, isipokuwa karatasi ya kocha inapungua faida ya kumpanga mtoto mara ya pili. Wale wanaotaka kupanga upya ratiba, 3200 ihamishiwe Ijumaa na kadhalika, nawaelewa, ila California 1600 ina mchujo siku hiyohiyo ya Ijumaa na ungekuwa umehamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine.

Kanuni hii ina waathirika, na siyo shule kubwa. Shule ya jiji yenye wanafunzi elfu tatu ina mkimbiaji wa 1600 na mwingine wa 3200, haitahisi kitu. Itakayoumia ni shule ya mji mdogo yenye mkimbiaji mmoja wa maana kila baada ya miaka ishirini, ambaye miguu yake ndiyo nafasi pekee ya mji ule kuonekana kwenye msimamo wa timu. Mji kama huo unakwenda Clovis kwa msafara wa magari, na sioni cha kuwacheka. Wangerudi na medali mbili na nafasi ya chini kwenye msimamo. Ni hasara ya kweli, na naona ni nafuu wabebe wao, watu wazima wa mji, kuliko kumwachia mtoto wa miaka 16 aibebe kwenye joto.

Makocha watasema watoto wenyewe wanataka. Wapo wanaotaka kweli, na wapo wanaotaka kwa sababu hawajawahi kuulizwa na mtu asiye na maslahi. Sasa hivi hatuwezi kuwatenganisha, kwa kuwa wote wako kwenye orodha moja ya kuanzia. Jimbo moja likiijaribu kanuni hii kwa misimu miwili tu, mwanafunzi yeyote atakayejiandikisha 3200 baada ya 1600 atakuwa amejiandikisha bila shule kupata chochote zaidi. Tuwahesabu hao, halafu tulinganishe na orodha za mwaka uliotangulia.